Kikapu Kinachozunguka Kinyume

Joséphine-Marie, shangazi wa bwana harusi, hakukaa hata kwenye kiti alichopewa. Alikiendea kikapu cha ndoa moja kwa moja, akakigeuza chini juu kama mtu anayekagua kuku sokoni, akaweka kidole kwenye kitovu chake, pale mfumaji anapoanzia, akaanza kuufuata mzunguko. Kidole kilikwenda kidogo, kikasimama.

"Kinaenda kinyume," akasema.

Wanawake wawili waliokuja naye waliinama kutazama, kisha wakatazamana. Athanasie, mwenye nyumba na mfumaji wa kikapu, alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya viazi. Hakuna aliyegusa viazi.

"Kinyume namna gani, Mama?" aliuliza, ingawa alijua.

"Usinichezee, Mama Murekatete. Kila mwanamuke wa huku anazungusha kuume. Hiki iko inazunguka kushoto. Kuume inafunga, kushoto inafungua. Na sisi hatupeleke mu nyumba ya mutoto wetu kitu chenye kufungua."

Katika familia za milima ya Masisi, binti hatoki kwao mikono mitupu. Mama yake humfumia kikapu chenye kifuniko, hukijaza mtama, na kikapu ndicho kinachotangulia kuvuka kizingiti cha nyumba mpya. Kikapu na kifuniko lazima vitoke kwenye mkono mmoja, ili nyumba iwe na akili moja. Binti anayeingia bila kikapu cha mama yake huitwa mgeni aliyekuja kuomba chumvi, na jina hilo humfuata mpaka uzeeni.

"Ndoa iko palepale," shangazi alisema, akijifunga kitenge vizuri. "Viateur wetu anamupenda binti yako, na sisi hatuna neno naye. Lakini kikapu, ao unakifuma upya kama watu, ao tunanunua kingine kule soko."

"Kikapu changu kisipoingia, na mimi siingii."

"Basi utakaa inje, Mama. Inje hakuna mlango."

Walipoondoka, Murekatete alitoka chumbani macho yakiwa mekundu. Alikuwa binti mpole, mshona nguo katika mji mdogo wa Mweso, na hakuwahi kumwomba mama yake kitu kikubwa. "Mama, zungusha kuume. Mara moja tu. Kwa ajili yangu."

Maneno ya shangazi hayakuwa mapya masikioni mwa Athanasie. Aliwahi kuyasikia kule Ngungu, kwa Rukundo, mume ambaye yeye alimlimia shamba mpaka kucha zikaisha. Mimba yake ya pili ilipoharibika, mama mkwe alitoa kikapu chake nje, akakiweka katikati ya uwanja majirani wakione. "Tazameni mkono unaofungua," alisema. "Tumbo lake litashika nini?" Rukundo alikuwa hodari wa kitu kimoja tu maishani, kumwogopa mama yake. Alitazama vidole vya miguu yake. Msimu uleule aliletwa msichana mwingine. Athanasie aliondoka na Murekatete, bado mchanga, mgongoni, na kichwani kikapu cha kale alichorithi kwa tate yake, mama wa mama yake, marehemu Uwingabire. Shamba alilolima lilibaki kule, likaendelea kumlisha mke mwenzake bila aibu.

Mweso ilimpokea kama ilivyowapokea wengi waliofika na vichwa vimejaa mizigo. Wauguzi wa hospitali na wachuuzi wa barabarani walinunua vikapu vyake bila kuuliza vinazungukia wapi. Kwa miaka yote hiyo alijiambia kwamba ameyaacha Ngungu. Kumbe yalikuwa yakija polepole kwa miguu, na sasa yamebisha hodi siku ya kumpeleka mtoto wake.

Ajabu ni kwamba Athanasie hakuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alikula kwa kuume, alilima kwa kuume, alisalimia kwa kuume. Lakini akishika sindano ya kufumia, ilikwenda yenyewe mkono wa kushoto. Mama yake alikuwa hivyohivyo, na Uwingabire kabla yake. Aliyemfundisha Uwingabire hakujulikana. Alikuwa msichana aliyefiwa na mama mapema, na alipoulizwa alikuwa akicheka tu na kusema, "Barabara ndiyo ilinifundisha."

Akajaribu. Kwa ajili ya Murekatete, alikaa uani na sindano mkono wa kuume, akakunja nyasi, akazifunga kwa nyuzi, akazungusha kama watu. Alipomaliza kitako, Kasoki akaingia.

Kasoki alikuwa mwanamke wa Butembo, mwenye duka la sabuni na vitenge pale Mweso na kamio, lori la mizigo, iliyokwenda mpaka Mubi, kwenye barabara ya msituni. Alikuwa rafiki yake wa kwanza pale, kwa sababu walianza kwa kugombana.

"Weye Athanasie! Hii umefuma ao umekanyaga?"

"Toka hapa."

"Naona kiota ya ndege mwenye deni." Kasoki aliketi, akakichukua kitako kile, akakigeuza, uso wake ukabadilika. "Dada, ngoja. Mukono wa kuume unainamisha nyasi upande ingine. Kile kikapu cha tate yako kiko wapi? Kile cha zamani."

Athanasie alikitoa ndani. Kilikuwa kimekuwa cheusi kama mkono wa mzee, lakini mistari ilionekana bado: mistari myeusi iliyoinama, na kati yake nukta nyekundu. Kilikuwa kikapu kisicho na kifuniko. Tangu utoto wake watu walikiita kipara.

"Hii mistari niliiona Mubi," Kasoki alisema. "Iko mama mumoja muzee, nashusha mizigo karibu na kwake. Anafunika mayai na kifuniko chenye hii mistari kabisa, na hizi nukta. Ila yenyewe imeinama upande ingine. Nikasema ni macho yangu, ni uchovu."

Athanasie alipitisha kidole juu ya nukta nyekundu.

"Kamio inaondoka na maharagwe kesho. Panda. Usikae hapa unafuma viota."

"Mama, ndoa iko karibu," Murekatete alilia. "Unaenda mu pori kutafuta nini?"

"Mtu wa kunieleza mkono wangu," alisema Athanasie, na akafunga kikapu cha Uwingabire mgongoni kwa kitenge, kama mtoto.

Safari ile hakuisahau. Alikaa juu ya magunia, chini ya bashi, turubai la kamio, pamoja na mbuzi wa mtu. Kasoki mbele aliomba rozari na kumtukana dereva kwa pumzi ileile. Mvua iliponyesha, barabara iligeuka uji, na kamio ikaketi katikati kama mwanamke aliyekataa kuolewa. Wanaume walikata miti, wakaiweka chini ya magurudumu, wakaimba, wakasukuma, wakateleza, wakacheka. Athanasie naye alishuka akasukuma, matope mpaka magotini. Ilikuwa siku nyingi hajacheka na watu asiowajua.

Kwenye kizuizi kimoja, kijana mwenye bunduki alimnyooshea kidole mgongoni. "Mama, umebeba nini?"

"Kikapu."

"Ndani iko nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa cha kuweka nini?"

"Bado sijui," alisema, na kijana akamwona mwendawazimu, akafungua kamba.

Milima ilipoanza kushuka na miti kuwa mirefu, walifika kwenye daraja lililobaki magogo mawili. Abiria walishuka kuvuka kwa miguu. Maji chini yalikuwa ya rangi ya chai, yakinguruma. Athanasie alivuka akitambaa, kikapu mgongoni, akiongea nacho kimoyomoyo. Upande wa pili alipumzika juu ya mawe, na hapo akatambua kwamba mawe yale hayakuwekwa na mvua. Ulikuwa mtaro, mrefu, umepangwa vizuri, sasa umejaa majani.

"Ni wa zamani za Wabelgiji," dereva alimwambia. "Barabara hii yote iko na mitaro kama hii, toka kule kwenu milimani. Watu walipigwa hapa, Mama."

Mubi ilikuwa imejaa pikipiki na kelele za maduka. Kasoki alimwongoza mpaka nyumba ya mbao, na pale barazani palikuwa na bibi kizee mwembamba, Emérita, amekaa na bakuli la mayai. Juu ya bakuli kulikuwa na kifuniko.

Athanasie hakusalimu hata vizuri. Alifungua kitenge, akaweka kikapu chini mbele ya yule mama.

Emérita alikitazama. Kisha akamtazama mwenye nacho, tangu miguu yenye matope mpaka kichwani.

"Weye ni mutoto wa nani kwa Uwingabire?"

Athanasie alikaa chini palepale. "Ni tate yangu. Mama, ulimujua wapi?"

"Mimi? Sikumuona hata siku moja. Lakini hilo jina nililisikia mu nyumba yetu kuliko jina la Yesu, na mama yangu alikuwa mukristo kweli." Akacheka kicheko kikavu. "Kasoki, tuletee chai. Hii si habari ya kusemwa na koo kavu."

Baba yake Emérita aliitwa Musombwa, Mnyanga wa misitu ile. Alipokuwa kijana alikamatwa na kapita, msimamizi wa kazi za Wazungu, akapelekwa milimani Masisi kuchimba barabara ya Wazungu. Wachimbaji walikaa upande wa chini wa mtaro. Upande wa juu yalikuwa mashamba ya pareto, na wasichana waliokuja kuyapalilia. Aliyevuka mtaro alipigwa fimbo mbele ya wote.

"Saa ya kupumzika, baba alikuwa anafuma," Emérita alisema. "Kwetu wanaume njo wanafuma. Sasa ngambo ya mtaro kukawa musichana. Hana mama. Anaona mikono ya baba, na yeye anaokota nyasi, anafanya vile baba anafanya. Hawakuwa na luga moja. Baba Kinyanga, yeye Kinyarwanda. Kiswahili walijua maneno matatu ya barabara: maji, jua, kesho. Wakikaa, anamwambia 'jua', maana yake nimechoka. Anamwambia 'maji', maana yake pole. Na wakiachana, 'kesho'."

"Na mkono?" Athanasie aliuliza. "Mkono wake wa kushoto?"

"Wee! Unajua kufuma na hujui?" Emérita alivuta nyasi kutoka pembeni, akampa nyingine. "Ulifundishwa umekaa wapi?"

"Kando ya mama yangu."

"Kila mutoto anafundishwa kando ya mama yake, bega kwa bega. Mukono wa kuume unafuata mukono wa kuume. Sasa kaa hapa, mbele yangu, kama vile mtaro unatutenganisha. Fuma."

Athanasie alikaa mbele yake. Emérita alishika sindano kwa kuume, akaanza kitovu. Athanasie alishika kwa kushoto, kama siku zote. Mikono minne ilianza kwenda. Mkono wa Emérita ulipoinuka, wa Athanasie uliinuka mbele yake upande uleule, ulipovuta, ulivuta, kama mtu anayeinama juu ya maji matulivu na kuona mikono yake inamfuata. Aliyekaa ng'ambo hawezi kufuma kwa kuume. Mkono ulio sambamba na mkono wa kuume wa mwenzako ni wako wa kushoto.

Haikuwa laana. Haikuwa mkono unaofungua. Alikuwa msichana aliyejifunza kutoka kwa mtu ambaye hakuruhusiwa kukaa kando yake.

"Kwa nini hakumsahihisha?" aliuliza, akifuta uso kwa mgongo wa mkono.

"Nilimuuliza baba vilevile. Akasema, angemwambia shika kwa kuume, angejua. Na muntu akishajua, anaenda kufuma kwao." Emérita alikunywa chai. "Wanaume! Hata wazuri wao wana hila."

Barabara ilipokwisha, wachimbaji walirudishwa makwao. Siku ya mwisho, Musombwa aliona kikapu cha Uwingabire kimekamilika, akamwonyesha kwa vidole: kikapu ni chako, kifuniko ni changu, nitakuja nacho. Siku zile mtu hakutoka kwa chifu wake bila karatasi ya Mzungu. Yeye alitoka bila karatasi. Alipita msituni akilala juu ya miti, akavuka mito akiwa na kifuniko kichwani, akajificha makapita wakipita. Alipofika milimani, alimkuta Uwingabire kisimani, na mtoto mgongoni. Baba yake alikuwa ameshampa mume.

"Huyo mtoto ni mama yangu," Athanasie alisema.

"Njo huyo. Baba akamwambia, 'Maji.' Yeye akajibu, 'Jua.' Neno la tatu hakuna aliyelisema. Baba akarudi na kifuniko chake. Baadaye akamuoa mama yangu, na mama yangu akajua yote, kwa sababu baba hakujua kuficha kitu. Unafikiri mama alikichoma? Hapana. Alikiweka juu ya mayai. Miaka yote. Hiyo tu njo ilikuwa kisasi yake: mapenzi makubwa ya baba, kazi yake kufunika mayai."

Athanasie alicheka mpaka akalia, au labda alianza na kulia. Kisha Emérita alikipangusa kifuniko kwa kitenge chake, akakiweka juu ya kikapu.

Hakikukaa vizuri. Musombwa alikuwa amekipima kwa macho, ng'ambo ya mtaro, na macho ya mtu anayependa si kamba ya fundi. Kilicheza kidogo upande mmoja. Lakini mistari! Kwenye kikapu cha mkono mmoja, mstari hupanda ukiwa umeinama, huvuka kwenda kwenye kifuniko, ukaendelea umeinama vilevile, kama njia ya mbuzi mlimani. Hapa mstari wa Uwingabire ulipanda ukiinama huku, wa Musombwa ukateremka ukiinama kule, na penye ukingo ikagusana vichwa. Pande zote za kikapu. Miti ya paa inayoegemeana. Kijiji kizima cha mapaa.

"Ona," alisema Emérita polepole. "Mi nilifikiri ni kifuniko cha mayai."

Wakati wa kuondoka, Athanasie alimweleza habari ya ndoa na shangazi, akamwomba ampe kifuniko.

"Sikupi. Cha baba yangu?"

"Sasa nitawaonyesha nini kule? Hawataniamini."

"Binti, vimetafutana miaka yote hii, na weye unataka kuvitenganisha kwa sababu ya shangazi wa mutu?"

Athanasie alikitazama kikapu pale barazani. Kilikuwa kitu pekee alichotoka nacho Ngungu. Kisha akakisukuma kikapu kwa mguu, taratibu, mpaka kikagusa kiti cha Emérita.

"Basi usikiwekee mayai," alisema.

"Nitakiwekea nini tena? Mayai yatakaa ndani sasa. Yamepata nyumba."

Alirudi Mweso mgongo mtupu. Hakwenda kwake. Alikwenda na matope yake mpaka nyumbani kwa Joséphine-Marie, aliyekuwa anachambua maharagwe uani.

"Umekuja kuniambia utanunua soko?"

"Nimekuja kukuomba kifuniko."

Shangazi aliacha maharagwe.

"Nitafuma kikapu kwa mkono wangu, kushoto, vile ulivyo," Athanasie alisema. "Weye utafuma kifuniko kwa mkono wako, kuume."

"Kikapu na kifuniko ni mukono mumoja. Tangu lini kuna ingine?"

"Na ile nyumba yao itakuwa ya mukono mumoja, Mama? Viateur amezaliwa kwako, Murekatete amezaliwa kwangu. Mimi nilipelekwa kwenye nyumba ya mukono mumoja. Ulikuwa mukono wa mama mukwe. Ulinitupa inje."

Joséphine-Marie alitema kando. Alimtazama yule mwanamke mwenye matope mpaka kiunoni, ambaye siku zote alikuwa na kiburi cha kukataa hata maji ya mtu, na leo amekuja kuomba.

"Nyasi uko nazo ao nikupe nyasi pia?"

"Ninazo. Lakini ukae mbele yangu. Si kando."

Walifuma siku kadhaa pale uani, kuku wakipita kati yao mahali ambapo ungekuwa mtaro. Kisha Athanasie akaanza kusimulia: kapita, pareto, maji, jua, kesho. Alipofika kwenye mayai, shangazi aliangusha sindano.

"Mayai! Huyo mama alikuwa mwanamuke!" alipiga paja. "Mimi ningekiweka juu ya makala yenye moto."

Wakati huohuo Athanasie aliona kwamba shangazi ameacha kutazama nyasi zake. Alikuwa anatazama mikono iliyo mbele yake, na mkono wake wa kuume ulikwenda pamoja nayo bila kupotea.

Walipofunika kikapu, kifuniko kilikaa sawa, kwa sababu safari hii wafumaji walikuwa wameweza kupimana kwa mikono. Mistari ikapanda, ikateremka, ikagusana vichwa. Shangazi alikizungusha mara nyingi, kidole kikifuata mapaa.

"Kile cha mukono mumoja," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayejiuliza, "mistari yake haikutanaki hata siku moja."

Siku ya ndoa Kasoki alikuja na kitenge kipya na mdomo uleule. Kikapu kilijazwa mtama. Palipotokea swali la nani akibebe, kwa kuwa mama wa binti hukipeleka na sasa mama walikuwa wawili, Joséphine-Marie alishika upande wa kuume na Athanasie upande wa kushoto. Walivuka kizingiti wakibanana, kwa sababu mlango haukujengwa kwa watu wawili wanene, na watu wakapiga vigelegele wakicheka.

"Sukuma, Mama Murekatete!" Kasoki alipiga kelele kutoka nyuma. "Kamio ilitoka mu matope, weye utashindwa na mlango?"

Walisukuma, wakaingia.

Asubuhi fulani baada ya hapo, Murekatete alikuja kumtembelea mama yake uani, akavuta kigoda akitaka kukaa kando yake kama zamani. Kisha akasita, akakibeba kigoda, akakizungusha, akakiweka mbele.

"Nifundishe," alisema. Na bila kuambiwa, akashika sindano kwa kuume, mkabala na mkono wa kushoto wa mama yake.